Chumvi ya Watu Mia Tatu

Niseme ukweli mapema tusizungushane: sikupanda basi lile kwenda kuwaamkia wakwe. Nilipanda kwenda kutafuta kasoro. Nilikuwa na hakika kasoro ipo, maana sijaona nyumba isiyo nayo, na macho yangu hayajapitwa na kitu tangu nikabidhiwe funguo za jiko la shule.

Mimi ni mpishi mkuu wa shule ya bweni. Asubuhi uji, mchana wali na maharage, jioni kinachopatikana, kwa wanafunzi mia tatu, na hakuna aliyewahi kulala njaa chini ya mikono yangu. Jikoni kwangu kuna sufuria ambazo mtu mzima akijikunja anaingia na kifuniko kinafunga. Wasaidizi wangu wananiita Jenerali nikiwa sipo. Nikiwapo wananiita mama, na vyote viwili naviitikia.

Aliyetaka kuolewa ni mtoto wa kaka yangu. Kaka na wifi yangu walifariki binti akiwa hajang'oa jino la kwanza, nasi tukamchukua, mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, ambaye ni kinyozi. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na hadi leo hajapumzika. Alikulia jikoni kwangu, katikati ya magunia ya mchele na makelele ya wanafunzi. Akasoma, akawa mtaalamu wa maabara, akapata kazi nchi ya jirani, na huko huko akapata mchumba. Siku moja akapiga simu.

"Shangazi," akasema, "kwenye jambo hili wewe ndiye baba na ndiye mama. Ukisema ndiyo, naolewa. Ukisema hapana, nafungasha narudi nyumbani, na sitakulaumu."

Jamani, huo si mtego? Angenibembeleza ningepata pa kukasirikia. Angenitisha ningemjibu. Ameniachia neno lote mkononi, nami nikakaa nalo siku nzima kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike, na mwenyewe haonekani kurudi.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, na sikuificha. Chiriku hajui upweke. Ugenini, kwa watu wanaoongea lugha nyingine na kula vitu vingine, siku akiugua nani atamsogezea kikombe cha uji? Mume atakuwa kazini. Na majirani wa magorofani, nimesikia, hufunga milango hata salamu isipenye. Nilikata shauri kwamba nikiiona nyumba imepoa, hata kama vikombe vyao ni vya dhahabu, jibu ni hapana.

"Nenda ukale kwao," mzee wangu akaniambia huku akimnyoa mteja.

"Nakwenda kuona, siendi kula."

"Utaona ukishakula," akasema, na yule mteja akacheka bila kutingisha kichwa.

Chiriku akaja kunichukua. Njia nzima aliongea yeye na injini, na injini ndiyo iliyochoka kwanza. Kila basi liliposimama nilishuka kukagua vyakula, maana huo ndio ugonjwa wangu. Upande wetu wa mpaka mambo yalikuwa yale yale ninayoyajua. Tulipovuka tu, mama mmoja kituoni akanipa bakuli la maharage ya baridi, yamekamuliwa limau na kuchanganywa na vitunguu vibichi. Maharage ya baridi! Kwetu hayo ni mabaki, na anayempa mgeni mabaki anataka ugomvi. Nilikasirika mpaka nikamaliza bakuli, kisha nikaagiza la pili ili nihakikishe hasira yangu ni ya haki.

"Vipi, shangazi?" Chiriku akauliza.

"Mabaya," nikasema. "Usinisemeshe, natafuna."

Mchumba alitusubiri tuliposhuka. Kijana mrefu, mkimya, fundi wa kutengeneza lifti kwenye majengo marefu, na masikio yake yamesimama kama vishikio vya sufuria. Nikamwita Fundi Lifti hapo hapo moyoni. Kwa kuwa lugha yetu haijulikani kule, nikamwambia Chiriku kwa sauti ya kawaida kabisa, "Masikio haya ni ya kusikilizia au ya kushikia?"

Chiriku akamgeukia, akamwaga maneno mengi matamu kwa lugha yao, mkono kifuani.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba safari ilikuwa njema na umefurahi mno kumwona."

"Yote hayo niliyasema mimi?"

"Kwa ufupi," akasema mtoto yule, bila haya.

Fundi Lifti akainamisha kichwa, akatabasamu kidogo, akabeba begi langu. Tukafika kwao, jengo la ghorofa tano, lango la chuma, ua katikati wenye kamba za kuanikia nguo. Na lifti? Lifti imekufa. Tukapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, mimi na magoti yangu.

"Fundi wa lifti," nikahema, "na kwao watu wanapanda kwa miguu! Huyu akiwa daktari, mama yake si atakuwa marehemu?"

"Anasema jengo lenu lina hewa safi," Chiriku akamtafsiria. Lifti, nikaja kuambiwa, ni ya mwenye jengo, naye hataki iguswe. Mimi nilikuwa nimeshaihesabu kuwa kasoro ya kwanza, na sikuifuta.

Mama wa kijana, mkwe wangu mtarajiwa, alikuwa mjane mfupi, msafi, mwenye vidole vyembamba. Kazi yake ni kuoka keki ndogo za kuagizwa, zile ambazo mtu anakula moja na kuikumbuka wiki nzima. Jiko lake lingeenea ndani ya stoo yangu ya vitunguu na nafasi ikabaki. Kila kitu kidogo, kila kitu mahali pake. Juu ya meza ana mizani ambayo kwetu ingefaa duka la sonara, anapimia mdalasini na vitu vya namna hiyo. Alinikumbatia, akaninusa shavuni kama mtoto mchanga, akanikalisha, akanipa maji. Nikasema moyoni, haya, sasa chakula kinakuja, tuone.

Chakula hakikuja. Ilikuja aproni.

Aliishika kwa mikono miwili, imepigwa pasi, akanivisha shingoni, akanizungusha akanifunga mgongoni. Kisha akaonyesha jiko lake, akavuta kiti, akakaa. Mwanawe akakaa. Wakanitazama.

Nilihisi damu inapanda kichwani. Mimi, niliyepika maisha yangu yote; mimi, niliyekuja kuombwa mtoto; nimevuka mpaka, nimepanda ngazi, sijavua hata viatu, nafungwa aproni kama kibarua! Hiyo ndiyo kasoro niliyoifuata, tena imekuja yenyewe, imepigwa pasi.

"Chiriku," nikasema, "chukua begi langu. Tunaondoka."

Hakutafsiri. Alinishika mkono akanivuta hadi kwenye korido, na hapo nikamwona uso. Alikuwa ameogopa kweli.

"Shangazi, nisikilize kwanza. Nyumba hii ndiyo ilivyo. Mgeni anayethaminiwa ndiye anayepika siku ya kwanza. Mama anasema akikupikia yeye, utasifu tu, hatakujua. Ukimpikia wewe, atakujua leo leo. Mgeni asiye na maana anapewa biskuti na kwaheri yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

Nikashika fundo la aproni nilifungue.

"Na mimi nimewaambia mengi," akaendelea, sauti ikishuka. "Nimewaambia hakuna mpishi kama wewe. Nimesema wewe ukigusa maji yanakuwa supu. Mama ameisubiri siku hii mwezi mzima. Tafadhali, shangazi."

Ningeweza kuondoka. Nilikuwa na sababu, na huko nyumbani hakuna ambaye angenilaumu. Lakini mtoto akikuangalia vile, halafu ni yule uliyemfundisha kufunga kamba za viatu, unafanya nini? Nikapiga moyo konde, nikarudi jikoni, nikakunja mikono.

Sasa nieleze jambo ambalo lazima mlijue, na mkicheka chekeni taratibu. Mimi siwezi kupika chakula cha watu wachache. Siwezi kabisa. Nipe mia tatu, nitakulishia hata mfalme. Nipe wanne, naharibu. Mikono yangu imezoea debe na konzi. Mchele naujua kwa gunia, chumvi naijua kwa kiganja. Nyumbani kwetu anayepika ni mzee wangu, na watu wanadhani ananionea huruma kwa uchovu. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpikia mara moja, akala, akanywa mtungi wa maji, akasema kwa upole, "Kuanzia kesho pumzika, mke wangu." Hata Chiriku hajui. Yeye alikulia kwenye sufuria kubwa, na kwenye sufuria kubwa mimi sina mpinzani.

Na mbele yangu kulikuwa na kisufuria kinachoizidi kofia kidogo. Nyama, viazi, nyanya, karoti. Watu wanne. Mkwe ananitazama kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu aandike ubaoni.

Nilianza vizuri, msinidharau. Nilikata vitunguu kwa kasi hadi mkwe akapiga makofi. Nikakaanga nyama, nikatia nyanya, harufu ikajaa. Nikajiambia, chumvi, tia kwa vidole viwili, vidole viwili tu, Jenerali. Hapo hapo mkwe akaniuliza kitu, Chiriku akaanza kutafsiri, mimi nikageuza shingo kusikiliza, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukaingia kwenye mkebe, ukatoka na konzi nzima, ukaimwaga kama unavyoimwaga kila siku ya Mungu, na ukajipangusa kwenye aproni. Nilipogeuka ilikuwa imeshayeyuka.

Nikaonja. Mama yangu! Ulimi ulijikunja. Bahari yenyewe ingeomba maji.

Mkwe akachukua kijiko, akasimama, anakuja kuonja naye. Nikaweka kifuniko kwa kishindo na kutabasamu meno yote. "Mwambie bado," nikamwambia Chiriku. "Mwambie kwetu sufuria haichunguliwi kabla ya wakati." Kisha nikaomba kwenda kupiga simu, nikatoka haraka kwenye kibaraza cha nyuma walikoanika mashuka.

"Mzee wangu," nikanong'ona mzee alipopokea, "nimeua chakula."

"Wamekupa jiko?" akasema, na nikamsikia anazima mashine ya kunyolea. "Usiniambie umetia konzi."

"Mkono umekwenda wenyewe."

Akaanza kucheka. Mume wangu ni mtu mzuri lakini akicheka hana breki. "Chumvi ya watu wangapi?"

"Ya bweni zima. Na mtoto amewaambia mimi nikigusa maji yanakuwa supu. Atafedheheka mbele ya watu hawa, mzee wangu, na mimi ndiye niliyemfedhehesha. Nifanye nini?"

"Chumvi ya bweni?" Alikuwa bado anacheka. "Basi tafuta bweni!" Na simu ikakatika.

Nikasimama pale nimeshika tama. Upepo ukasukuma shuka moja, na nyuma ya shuka ikatoka sauti ya taratibu, kwa lugha yetu.

"Shangazi. Bweni lipo. Ghorofa tano."

Nusura nitupe simu uani. Fundi Lifti alikuwa amesimama nyuma ya mashuka, kapu la nguo mkononi. Alikuja kuanua.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Lugha yetu unaijua tangu lini?"

Akajieleza polepole, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kazini kwao kuna fundi mwenzake wa kwetu. Wakiwa ndani ya shimo la lifti, mmoja juu, mmoja chini, yule anamfundisha. Alitaka siku ya leo aniombe Chiriku kwa mdomo wake mwenyewe, bila mkalimani. Chiriku hajui. Alikuwa aanze kwa kunisalimia kituoni.

"Mbona hukunisalimia?"

Akagusa sikio lake, akatazama chini. "Niliona aibu. Ni ya kusikilizia, shangazi. Lakini ya kushikia pia yanafaa."

Nilitamani kibaraza kipasuke nidondoke. Badala yake nikacheka. Nilicheka hadi nikashika kamba ya nguo nisianguke, naye akacheka, na mashuka yote yakatikisika. Kisha akawa makini.

"Chini kwa mlinzi kuna sufuria ya wapangaji. Kubwa sana. Nitasema ni wewe umetaka. Nitasema shangazi hapiki kwa mlango mmoja."

"Na mama yako?"

"Hatajua. Wewe usimwambie Chiriku kuwa naijua lugha yenu. Bado."

Tukapeana mikono kama wafanyabiashara. Sijui alimwambia mama yake nini kule ndani, ila niliporudi jikoni mkwe alikuwa ameshika mashavu, machozi yanamlenga, ananitazama kama malaika. "Shangazi," Chiriku akasema, naye ameduwaa, "unataka kupikia jengo zima? Siku ya kwanza?"

"Mimi nilikuja kuona watu," nikasema, pua juu. "Wewe ulidhani nimekuja kuona kuta?" Sifa ikikujia usiikatae, utaichanganya.

Fundi Lifti akapita ngazi nzima akigonga milango. Nilisikia sauti yake ikishuka ghorofa hadi ghorofa, na nyuma yake milango inafunguka, kufuli moja baada ya nyingine. Uani likawekwa dude lile juu ya mafiga, na lilikuwa sufuria ya haki, yenye kutu kidogo ukingoni na tumbo la kuheshimika. Nilipoligonga likaitikia vizuri. Nikalisugua mwenyewe. Nikamimina mchuzi wangu mkali ndani, ukaonekana kama tope la mvua kwenye uwanja wa mpira, nikasema, "Haya. Chumvi imeshatangulia. Tuitafutie wenzake."

Wapangaji wakaja, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Na hawakuwa watu wa mahali pamoja. Jengo lile, kumbe, limejaa wahamiaji: wa milimani, wa kaskazini, wa ng'ambo ya maji, kila mlango na lugha yake ya kugombezea watoto. Mzee mmoja akaleta viazi kwenye kofia. Muuguzi wa ghorofa ya pili akaleta dengu zilizolowekwa. Mama mwingine akaleta samaki wakavu amewafunga kwenye gazeti, na mlinzi akaleta malenge aliyoyakumbatia kama mjukuu.

Jikoni kwangu, mtu akitia kitu kwenye sufuria bila ruhusa, hiyo ni siku yake ya mwisho kushika mwiko. Lakini kule ningemkataza nani, kwa lugha ipi? Niligeuka kuchochea moto, nikasikia chubwi! Dengu zimeingia. Nikafoka, muuguzi akanipiga busu la shavuni. Nikageuka kumfokea mwingine, chubwi! Malenge.

"Chiriku! Waambie hawa watu sufuria ina mwenyewe!"

Chiriku akawaambia, wakashangilia, wakaongeza kasi.

"Umewaambia nini wewe?"

"Umesema jisikieni nyumbani," akasema, na kukimbia nje ya urefu wa mwiko wangu.

Wakabishana. Yule mama wa samaki alitaka samaki waingie mapema, mzee wa viazi akatikisa kichwa kwamba waje mwisho. Mtu wa ghorofa ya kwanza akasema, kwao, mchuzi wenye malenge lazima upate karanga. Mkewe akasema huko ni kwao mume, kwao mke ni dhambi. Kila mmoja alikuwa na kwao, na kwao kulikuwa na sheria. Mimi nilisimama katikati na mwiko, nikaacha kufoka, nikaanza kuuliza. Kwa nini mapema? Kwa nini karanga? Chiriku alitafsiri hadi akaishiwa mate. Nilikuwa nimepika maisha yangu yote nikidhani nimemaliza kujifunza, na pale uani nilikuwa naanza darasa la kwanza, tena kwa furaha, jasho linanitiririka mgongoni.

Mwisho akaja mkwe. Alishuka ngazi taratibu, mizani yake mkononi. Akaipanga juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapima unga fulani mwekundu, mchachu, wa matunda yaliyokaushwa. Akapunguza punje. Akaongeza punje. Watu wote wakanyoosha shingo. Kwa sufuria ile, kipimo kile kilikuwa kama kumtemea tembo mate, na nilifungua mdomo kusema hivyo. Akamimina. Nikakoroga. Nikaonja.

Nikanyamaza. Wanaonijua wanajua maana ya jambo hilo. Chumvi yangu ilikuwa imekaa mahali pake, imetulia, na ule uchachu mdogo umekaa juu yake, na chini yao wako wote, dengu, samaki, malenge, kila mmoja na ladha yake na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Nikamwelekezea mkwe mwiko aonje. Akafumba macho. Kisha akanishika kiganja changu, kile kile cha konzi, akakitazama kwa heshima, na akaweka cha kwake kando ya changu. Vidole vyake na mkono wangu! Tukacheka kama wasichana.

Tulikula uani jioni ile jua halijazama, kwenye viti, kwenye ngazi, kwenye ndoo. Watoto walikula wamesimama. Kila aliyemaliza alirudi, na kila aliyerudi alinionyesha sahani na kusema neno la kwao la utamu. Nimeyasahau yote isipokuwa moja, nalo ni refu. Kulikuwa na mtu anapiga sinia, na mlinzi anacheza peke yake, vizuri kuliko nilivyotegemea.

Chiriku akaja akakaa chini miguuni pangu, sahani mapajani, kama alivyokuwa akikaa kwenye magunia.

"Unajua, shangazi," akasema, "nilipokuwa mdogo nilidhani wale wanafunzi mia tatu wote ni ndugu zangu. Maana tulikula sufuria moja. Watoto wenzangu walinionea huruma eti sina baba wala mama, na mimi nikawaonea huruma wao, wana ndugu wawili watatu tu."

Nikamwongezea mchuzi kwenye sahani. Miaka yote nilikuwa nikijilaumu kwamba sikumpikia yule mtoto hata chungu kimoja chake peke yake.

Nikainua macho kuutazama ua. Muuguzi alikuwa anamfuta mdomo mtoto asiye wake. Mama wa samaki alikuwa amemwekea jirani aliye bado zamu kazini chakula chake, amekifunika. Milango ya ghorofa zote tano ilikuwa wazi, ninaiona, taa zimeanza kuwaka ndani na hakuna aliyerudi kuifunga. Nikajiuliza tena swali langu la uji, na jibu lilikuwa mbele yangu linaongea lugha kumi.

Hapo Fundi Lifti akasimama. Akajifuta mikono, akaja mbele yangu, akapiga goti moja kwenye ile saruji. Aliyekuwa anapiga sinia akaacha. Chiriku akainuka haraka, akajiandaa kutafsiri.

"Shangazi," kijana akasema kwa lugha yetu, mbele ya watu wote, "mimi nampenda mtoto wako. Naomba unipe. Nitamtunza. Na wewe nitakutunza."

Chiriku akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alimtazama yule kijana, akanitazama mimi, akamtazama tena, na yule mtoto niliyemlea kwa makelele yake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikosa neno.

Mkwe akamvuta mwanawe shati, anauliza amesema nini, anauliza mimi nitasema nini, na hakukuwa na wa kumtafsiria.

Nilimtazama kijana yule. Angeweza kunicheka kule kibarazani. Angeweza kuwaambia, nami ningerudi na basi la kwanza, uso umefunikwa na khanga. Alichagua kunisitiri, akanitafutia bweni. Mtu anayemsitiri mgeni aliyemtukana masikio, mke wake atamsitiri kiasi gani?

"Mimi nilikuja kutafuta kasoro," nikamwambia. "Nimetafuta. Lifti yenu mbovu, hilo lazima nitaliripoti. Lakini mtoto nimekupa. Nimekupa kwa moyo mmoja. Ila nisikie siku moja amekula peke yake, nitapanda hizo ngazi zote na mwiko huu."

"Nimesikia, shangazi," akasema.

Chiriku akanirukia shingoni akalia. Mimi nikalia, sikuona haya. Na mkwe wangu, ambaye hakuelewa hata neno moja, alitutazama mmoja mmoja, akaweka sahani yake chini, akalia kutuzidi sisi wote.